Doa moja kwenye ramani, kelele mbili kiwandani: utatuzi wa matatizo ya safu ya maikrofoni kwenye mitambo ya hewa

Kiwanda cha kubangua korosho, kiwe Mtwara mjini, Masasi, Newala au Lindi, kina kelele za hewa zilizobanana mahali padogo: blowa inayopepeta maganda, dakti ya bati, saikloni inayokusanya vumbi, na karibu kila mara tundu fulani kwenye maungio linalopiga mluzi. Sikio linasikia mvumo mmoja. Safu ya maikrofoni, yaani maikrofoni nyingi zinazorekodi kwa pamoja ili programu ilinganishe sauti inavyofika kwa kila moja na kuchora ramani ya mahali inapotoka, ndiyo inayotakiwa kuutenganisha, na mara nyingi inashindwa. Hapa tunafuata dalili moja moja kama zinavyoonekana kwenye ramani ya sauti, na kwa kila moja tunatafuta chanzo.

Mfano wetu ni safu ya maikrofoni 30, zimepangwa kwa mikono 5 iliyopinda kama konokono, kila mkono maikrofoni 6, kwenye fremu ya wazi yenye kipenyo cha mita 1. Kadi ya sauti ina chaneli 32. Chaneli mbili zinazobaki msizijaze maikrofoni nyingine: moja ifungwe kipima mizunguko cha blowa, ya pili kipima mtetemo kinachogandishwa kwenye ganda la blowa. Zitahitajika. Kurekodi ni WAV ya biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, dakika 1 kila mara. Faili moja hufika karibu MB 276, kwa hiyo diski iwe na nafasi. MP3 haifai hata kidogo kwa sababu inavuruga fezi (wimbi limefika wapi katika mzunguko wake kwenye kila maikrofoni), na fezi ndiyo mali yote tuliyo nayo. Kitufe chochote cha kurekebisha sauti chenyewe kizimwe.

Anza na spika, si na programu

Ramani ikiwa mbaya, wengi hukimbilia kubadilisha mbinu ya hesabu. Hapo siku nzima inapotea. Zima mitambo yote, weka spika ndogo mita 2 mbele ya safu mahali ulipopima kwa tepu, na icheze mvumo wa "shhh" usio na mlio wowote maalumu. Tengeneza ramani ya kawaida kwa 2 kHz hadi 5 kHz. Doa likikaa ndani ya sentimita 2 za spika, safu ni nzima na tatizo lako liko kwenye kelele yenyewe au kwenye chumba. Likikaa kwingine, au likitawanyika, hakuna mbinu itakayokuokoa. Ruka moja kwa moja hadi dalili ya ramani nzima kuwa na ukungu, hapa chini.

Kisha weka spika ya pili sentimita 30 kando ya ya kwanza, icheze mvumo mwingine kabisa (si faili ileile), na uangalie ni kuanzia masafa gani madoa mawili yanaachana. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino kwenye fremu ya safu, pamoja na umbali uliotumia.

Dalili: vyanzo viwili vinajulikana kwa macho, ramani inaonyesha doa moja pana

Hii ndiyo dalili ya kila siku. Sababu yake si hitilafu bali ni kipimo cha safu. Upana wa doa ni takriban 1.22 mara urefu wa wimbi mara umbali, gawanya kwa kipenyo cha safu. Kwa mwendo wa sauti wa mita 350 kwa sekunde, 1 kHz ina wimbi la sentimita 35. Ukiwa mita 2 na safu ya mita 1, doa lina upana wa sentimita 85. Flanji mbili za dakti (maungio yanayokazwa kwa boliti) zilizoachana sentimita 30 haziwezi kuonekana mbili hapo. Ukigeuza hesabu, zitaanza kuachana karibu na 2.8 kHz.

Dawa ya kwanza ni miguu: sogea. Ukiwa mita 1 badala ya 2, mpaka unashuka hadi karibu 1.4 kHz. Hakikisha tu programu inatumia mawimbi ya duara na si ya bapa, maana kwa umbali huo mawimbi hayajanyooka. Dawa ya pili ni kutumia masafa ya juu tu kutafuta mahali, hata kama kelele kubwa iko chini. Tundu linalovuja hewa huwa na sauti pana, kwa hiyo ukilikuta kwa 4 kHz utajua lipo, na masafa ya chini utayashughulikia kwa njia nyingine.

Dawa ya tatu ndiyo mbinu za kusafisha ramani, na hapa watu huchanganya. CLEAN-SC, iliyochapishwa na Pieter Sijtsma mwaka 2007, huchukua kilele cha ramani, hutafuta kila kitu kinachoendana na kilele hicho, kisha hukiondoa na kurudia. Ni ya haraka na inavumilia makosa madogo ya safu. Lakini ikiwa vyanzo viwili viko ndani ya doa moja, kilele chenyewe ni mchanganyiko, na CLEAN-SC itakuletea nukta moja safi katikati yao, mahali ambapo hakuna kitu. Nukta hiyo inapendeza na ni ya uongo. DAMAS ya Brooks na Humphreys wa NASA Langley hutatua hesabu ya ramani nzima kwa pamoja, na inaweza kupenya kiasi chini ya mpaka ule. Gharama yake ni muda na kumbukumbu. Gridi, yaani nukta ambazo programu inahesabia sauti, ikiwa ya 41 kwa 41 inahitaji jedwali la karibu MB 23, ambalo kompyuta yoyote inabeba. Ukiongeza hadi 101 kwa 101 jedwali linafika MB 832, na laptopu ya GB 4 itaanza kuhema. Umbali kati ya nukta za gridi uwe kati ya asilimia 5 na 20 ya upana wa doa. Gridi ikiwa nyembamba kuliko hapo unachoma muda bure. Ikiwa pana kupita hapo, chanzo kinaangukia katikati ya nukta na kugawanyika. Zote mbili, pamoja na mbinu nyingine ya kuchora ramani iitwayo Capon, zimo ndani ya Acoular, programu huria ya Python.

Kama vyanzo viko kwenye mstari mmoja wa macho, mfano dakti iliyo nyuma ya saikloni, usihangaike na mbinu. Safu bapa inaona kushoto na kulia vizuri, lakini kina inakiona vibaya sana. Hamisha safu, piga kutoka ubavuni.

Blowa mbili zinazofanana zinapovuma pamoja

Tatizo hili ni ndugu wa lililotangulia, ila liko masafa ya chini ambako umbali hausaidii. Blowa yenye mapanga 8 inayozunguka mara 1450 kwa dakika inatoa mlio wa 193.3 Hz (8 mara 1450, gawanya kwa 60). Jirani yake yenye mzigo mkubwa kidogo inazunguka mara 1440, mlio wake ni 192 Hz. Kwa masafa hayo wimbi lina urefu wa karibu mita 1.8 na safu ya mita 1 haioni chochote. Lakini milio hiyo miwili imeachana 1.3 Hz, na hapo ndipo pa kuingilia.

Ukitumia vipande vya sampuli 4096, kila kisanduku cha masafa kina upana wa 11.7 Hz, na milio yote miwili inaingia humo. Panua kipande hadi sampuli 131,072: kisanduku kinakuwa 0.37 Hz na milio inaachana hata kwa dirisha la Hann, linalofifisha ncha za kila kipande na kuutanua mlio kidogo. Kuna mtego. Kwa dakika 1 ya rekodi na vipande vinavyopishana nusu, sasa una vipande 42 au 43 tu vya kuwastanisha, badala ya 1,400 na ushei. Kwa maikrofoni 30, mbinu ya Capon, inayogeuza matrisi (jedwali linalolinganisha kila maikrofoni na kila nyingine), inaanza kuyumba. Rekodi dakika 5. Na kama mizunguko inapanda na kushuka kwa sababu umeme wenyewe unapanda na kushuka, vipande virefu vitautanua mlio badala ya kuubana. Hapo ndipo kile kipima mizunguko kinapolipa: sampuli zipangwe upya kufuata mzunguko wa shafti, si saa.

Njia ya rahisi zaidi ni kuzima moja. Blowa zisizofungwa pamoja hazifuatani fezi, kwa hiyo nishati zao zinajumlishwa tu. Zote mbili zikisoma 92 dB na moja peke yake 89.5 dB, nyingine ni karibu 88.4 dB, si 2.5. Unaweza hata kutoa matrisi nzima ya kipimo cha pili kutoka kwenye ya kwanza, kisha ukachora ramani ya kilichobaki. Tahadhari ni moja: kama blowa zinashiriki dakti, ukizima moja hewa inabadilika, na ile iliyobaki haitoi tena kelele ileile. Funga damper (kilango cha hewa ndani ya dakti) ya iliyozimwa, na ulinganishe kanieneo ndani ya dakti kabla na baada.

Dalili: doa la pili mahali pasipo na mtambo

Kuna sababu tatu, na kila moja ina tabia yake. Badilisha masafa polepole uone doa linafanya nini.

Doa likihama kadiri masafa yanavyopanda, ni kivuli cha safu yenyewe. Ukikuta madoa kadhaa yamejipanga kwa nafasi sawa, na yana nguvu sawa na chanzo cha kweli, maikrofoni zako zimepangwa kwa mistari ya mraba na umevuka nusu ya urefu wa wimbi. Nafasi ya sentimita 5 inaishia karibu 3.5 kHz. Mpangilio wa konokono hauna mistari inayojirudia, kwa hiyo vivuli vyake ni dhaifu na vimetawanyika.

Doa likibaki palepale kwa masafa yote, ni mwangwi. Sakafu ya saruji na ukuta wa bati vinarudisha karibu sauti yote. Panua gridi yako ishuke chini ya sakafu: ukiona chanzo cha pili kimejificha mita 1.2 chini ya sakafu wakati blowa iko mita 1.2 juu yake, umeshajua. Kinachosumbua ni kwamba mwangwi unafuatana na mzazi wake. CLEAN-SC itaumeza pamoja na chanzo na kukupa namba kubwa kuliko ukweli, na DAMAS, inayodhani vyanzo havijuani, itachora ovyo.

Njia nzuri ya kuuthibitisha ni kuhesabu thamani aigeni za matrisi mtambuka, ile inayohifadhi kila jozi ya maikrofoni. Kwa maneno mepesi, idadi ya thamani zinazosimama juu ya nyingine ni idadi ya sauti zisizofuatana. Ramani ikionyesha madoa mawili na thamani iliyosimama ni moja tu, doa moja ni mwangwi wa jingine. Zikisimama mbili, vyanzo ni viwili kweli.

Tiba ni kulaza godoro la sponji la inchi 6 sakafuni kati ya mtambo na safu, na jingine kuliegemeza ukutani. Linaanza kusaidia karibu 600 Hz na kuendelea juu. Kabla ya kununua, puliza sponji kwa mdomo: hewa isipopita, hilo halinyonyi sauti, rudisha dukani. Chini ya 600 Hz sogeza safu karibu ili sauti ya moja kwa moja izidi mwangwi.

Sababu ya tatu ni chanzo halisi ambacho hukukitarajia. Panda ngazi ukaangalie. Mtambo uzimwe na swichi ifungwe kufuli kwanza, na vaa glavu, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi. Mafuta hayohayo hula ganda la kebo. Kebo za safu zisilazwe sakafuni chumba cha kubangulia.

Dalili: doa lisilohama katikati kabisa ya ramani

Geuza safu nyuzi 30. Kama doa limegeuka nayo na kubaki katikati, hiyo si sauti. Ni umeme. Kelele ya umeme inaingia chaneli zote kwa wakati mmoja, na kwa programu hilo ni wimbi linalotoka mbali sana, usoni kabisa mwa safu. Vilele vya 50, 100 na 150 Hz vinatoka kwenye waya wa ardhi unaozunguka: chomeka laptopu na kadi ya sauti soketi moja, au endesha laptopu kwa betri. Mluzi kati ya 2 na 16 kHz unatoka kwenye invata ya mota, kifaa kinachodhibiti mwendo wake. Tenganisha kebo za safu na kebo za mota angalau mita 1, na pale zinapolazimika kukutana zikatizane kama msalaba, zisilale sambamba.

Dalili: ramani nzima ina ukungu, hata spika haikai mahali pake

Kadi mbili za sauti zilizofungwa kwenye kompyuta moja ndizo mtuhumiwa wa kwanza. Kila moja ina saa yake, na tofauti ya sehemu 20 kwa milioni inafanya chaneli zipishane milisekunde 1.2 kwa dakika 1, yaani sampuli 58. Kwa 2 kHz huo ni zaidi ya mzunguko mzima mara mbili. Ziunganishwe kwa kebo ya saa moja. Kama haiwezekani, piga makofi mbele ya safu mwanzoni na mwishoni mwa rekodi, upime pengo limekua kiasi gani.

Wa pili ni vipimo. Maikrofoni iliyosogea milimita 5 ina kosa la fezi la nyuzi 21 kwa 4 kHz. Fremu ya mbao iliyoachwa mvuani au kwenye unyevu wa pwani inapinda kuliko hapo. Pima upya kutoka katikati, usiamini mchoro. Maikrofoni iliyofungwa waya kinyume nayo inaharibu kimyakimya: iangalie kwa kofi moja, mawimbi yote 30 yaanze kuelekea upande mmoja.

Wa tatu ni joto. Programu nyingi huja na mita 343 kwa sekunde, ambayo ni sauti ya nyuzi 20. Karibu na boila ya kuchemshia korosho hewa ina nyuzi 38, na sauti inakwenda mita 354. Chanzo kilicho nyuzi 30 kando ya mhimili, mita 2 mbele, kitaonekana kimesogea kama sentimita 5 kuelekea katikati. Huo ni upana wa flanji, na fundi atakaza boliti zisizohusika. Kipimajoto kining'inie karibu na safu, na namba iandikwe kila rekodi. Safu iliyofanyiwa majaribio asubuhi ya baridi Newala ikishushwa Mtwara mchana itakosea, na si kwa sababu ya mwinuko. Mwinuko haubadilishi mwendo wa sauti. Joto ndilo linaloubadilisha.

Dalili: chini ya 500 Hz kila kitu kimejaa

Upepo unapiga maikrofoni zenyewe. Kila maikrofoni inapata msukosuko wake usiofuatana na wa jirani, na kelele hiyo inakaa kwenye ulalo wa matrisi peke yake, pale kila maikrofoni inapolinganishwa na yenyewe. Futa ulalo; programu nyingi zina kitufe hicho. Ramani itasafika papo hapo, ila baadhi ya nukta zitatoka hasi na kubaki mashimo meupe, na viwango dhaifu vitasoma chini ya ukweli. Hiyo ni kawaida, usizibe mashimo kwa kulainisha.

Kufuta ulalo hakutibu maikrofoni iliyojaa hadi kupasua sauti. Maikrofoni ndogo kama INMP441 hufika kikomo kwenye 120 dB, na hewa inayotoka tunduni ikiipiga moja kwa moja inavuka hapo bila sikio kujua. Ondoa safu kwenye njia ya hewa, vika kila maikrofoni mpira wa sponji. Vumbi la maganda ya ndani huziba kitundu cha maikrofoni baada ya siku chache, dalili yake ni chaneli moja kufifia masafa ya juu kwanza. Kwa mitambo ya nje, rekodi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi kabla upepo wa baharini haujaamka. Msimu wa kusi usitegemee hata hiyo.

Dalili: nishati imerundikana ukingoni mwa gridi

Kuna chanzo nje ya gridi na DAMAS haina pa kukiweka. Panua gridi upande huo. Basi.

Madoa yameachana, lakini lipi ni tundu na lipi ni blowa?

Punguza mwendo. Shusha invata kutoka 50 hadi 40 Hz, yaani asilimia 80, na urekodi tena bila kugusa safu. Mlio wa mapanga utahama kutoka 193 hadi karibu 155 Hz. Mlio usiohama ni mlio wa dakti yenyewe, urefu wake ndio unaouamua, na kubadilisha blowa hakutausaidia. Mvumo mpana unaotokana na hewa kugonga ukingo au panga hufuata mwendo kwa kipeo cha 6, kwa hiyo utashuka karibu 5.8 dB. Mchirizi huru wa hewa ya kasi unakwenda na kipeo cha 8, kama Lighthill alivyoonyesha mwaka 1952, utashuka karibu 7.8 dB. Doa lililoshuka chini ya 3 dB si la hewa: tafuta beringi, mkanda, au bati linalotetemeka. Hapo soma chaneli ya 32, ile ya kipima mtetemo. Ikifuatana na doa kwenye masafa hayo, kaza boliti za ganda la blowa kabla ya kugusa flanji yoyote.